Shangazi wa Jikoni: "Chakula cha asili ni cha watu wa Masaki peke yao?"

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia bei. Nimechagua chache, nyingine nimezijibu kwa urefu, nyingine kwa mistari michache tu kwa sababu hazihitaji zaidi. Walioomba dawa ya kukata tumbo kwa wiki moja, poleni, hapa si pake.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Mbagala na mume wangu. Kliniki wamenipima presha, wakaniambia niache vyakula vya viwandani na vilivyokobolewa, nile vya asili. Nikafunga safari hadi supamaketi moja mjini kuviangalia. Mchele wa kahawia Sh 9,000 kilo. Siagi ya karanga ya chupa Sh 12,000. Hata dona ya paketi ni ghali kuliko sembe ninayonunua dukani kwa Mangi! Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Pesa yangu ya chakula ni Sh 12,000 kwa siku, watu sita. Asubuhi maandazi kumi na mawili ya Sh 200 (2,400) na sukari robo (800). Mchana watoto wanakula shule, baba yao anajitegemea kazini. Jioni sembe kilo moja na nusu (2,700), mboga ya majani (1,000), soseji sita za Sh 500, kila mtu yake (3,000), mafuta ya kupima (1,000), nyanya na vitunguu (1,000). Inabaki mia. Mkaa ni bajeti nyingine. Nauliza, hicho chakula cha asili ni cha watu wa Masaki peke yao?
*Mama wa wanne, Mbagala*

Marahaba mwanangu, na pole kwa presha. Dawa ulizopewa usiziache kwa sababu ya chochote nitakachokuambia hapa.

Ile rafu uliyoiona supamaketi imewekwa kwa ajili ya mtu aliyekinai nyama. Haikukusudiwa wewe, wala usiumie moyo kuikosa. Chakula cha asili cha mji huu hakina lebo. Nafaka ziko Tandale, ndizi na matunda Mabibo, nyanya na vitunguu Ilala, samaki Feri, na matembele yako kwa yule mama anayetandika gunia nje ya geti lako jioni.

Ila sitakwambia kwamba ni rahisi, maana si rahisi. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwemo lile la Chakula na Kilimo, yaliripoti mwaka 2024 kwamba watu zaidi ya bilioni 2.8 duniani hawakumudu gharama ya mlo kamili mwaka 2022. Kwa Afrika ni karibu watu 65 katika kila 100. Kwa hiyo akitokea mtu wa kukwambia "ni uamuzi tu, dada," mkaribishe jikoni kwako apike siku tatu kwa elfu kumi na mbili.

Orodha yako nimeipitia kwa kalamu nyekundu, kazi niliyoizoea nikifundisha sayansi kimu. Nimeanza na soseji. Kwa presha uliyonayo hiyo ni ya kuondoka hata kabla hatujazungumza pesa: ndani yake kuna nyama kidogo, maji, wanga wa kushikizia na chumvi nyingi. Na kama unatumia vile vidonge vya kuungia mchuzi, hiyo ni chumvi iliyopewa harufu ya kuku.

Nunua dagaa. Nasema kauzu wa Mwanza, wale wanaoanikwa juani bila chumvi. Usiwachanganye na dagaa mchele wa baharini. Hao huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na kwako wewe ni wa kula kwa nadra, tena baada ya kuwaloweka na kumwaga maji. Kauzu wazuri wanang'aa rangi ya fedha na hawanuki mafuta yaliyochacha. Mchanga watakuwa nao tu kama walianikwa chini, hata muuzaji aape vipi. Waoshe kwa maji ya moto, uwaache watulie kidogo, kisha uwaopoe kwa juu kwa mikono. Ukiwamimina kwenye chujio umerudisha mchanga wote ulioshuka. Rudia mpaka chini ya bakuli pawe peupe. Kaanga kitunguu na nyanya, tia bamia au nyanya chungu, watie dagaa, malizia na karanga ulizotwanga mwenyewe. Dagaa wa Sh 1,500 wanawatosha sita. Dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa analiwa na mifupa yake, watoto wanapata kalsiamu hapo hapo.

Sasa unga, na hapa ndipo panapouma. Unanunua sembe kilo Sh 1,800 kwa Mangi. Chukua mahindi kilo kumi, tuseme Sh 1,000 kwa kilo, peleka mashine usagishe dona, mia kwa kila kilo. Jumla Sh 11,000, na unarudi nyumbani na karibu kilo kumi za unga. Kilo moja imekusimamia Sh 1,100. Mahindi hayo hayo ukiyakoboa unapata kilo saba na kitu, na unalipia mashine mara mbili, kukoboa na kusaga. Zile kilo mbili na ushei zilizopotea ni pumba, na kwa mashine nyingi pumba hubaki kwa mwenye mashine, anawauzia wafuga kuku. Ganda na kiini cha hindi, ndiko kuliko na nyuzinyuzi, mafuta mazuri na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Kwa hiyo unamlipa mtu akutolee kilicho bora, kisha anakiuza mara ya pili. Simlaumu mwenye mashine, naye anatafuta riziki. Nasema tu ujue hesabu iko hivyo.

Utaniambia: Shangazi, elfu kumi na moja kwa mkupuo naitoa wapi? Ndiyo hasa. Anayenunua robo robo kila siku hulipa kuliko anayenunua gunia, na hanunui robo kwa kutojua. Ananunua robo kwa sababu mkononi ana pesa ya robo. Hakuna somo la lishe litakaloondoa hilo. Ila angalia soseji zako. Kutoka Sh 3,000 kwenda dagaa wa Sh 1,500 unabakiza 1,500 kwa siku. Siku saba ni Sh 10,500. Hayo ndiyo mahindi yako ya wiki ya pili, karibu yote. Na kama mna kibati pale mtaani, ule mchezo wa kuchanga hela kwa zamu, zungumza na kijumbe anayezikusanya: badala ya kupokezana hela tu, kila zamu mnunue gunia Tandale mgawane kwa mizani. Nasema mizani kwa makusudi, maana sado, kile kindoo cha kupimia, ya kujaza kilima ni ugomvi wa majirani.

Saga ya wiki moja tu. Dona ina mafuta ya kiini, kwa joto la Dar inachacha mapema kuliko sembe. Watoto wakinuna, changanya nusu kwa nusu mwezi wa kwanza. Tia maji zaidi kidogo, songa taratibu, uiache ive. Dona ya haraka haraka ndiyo inayowakwama kooni wakasema "chakula cha jela".

Kuna jambo ambalo watoa ushauri wa lishe hulipita mbio, nalo ni moto. Soseji na maandazi vinakuja vimeshapikwa, mkaa amelipia mwingine. Maharage makavu unaweza kuyanunua kwa bei nzuri sokoni, ukayalipia tena jikoni saa mbili nzima. Mama anayemaliza kibarua saa moja usiku hawezi kuanza kuchemsha maharage, na mtu asimcheke akikimbilia cha kukaanga. Kwa hiyo yaloweke tangu asubuhi unapotoka, mwaga maji yale, bandika kwa maji mapya, na chumvi, nayo kidogo kwa ajili ya presha, ingoje hadi yakaribie kuiva. Maharage mekundu lazima yatokote kwa nguvu dakika kumi au zaidi, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu ya kutapisha. Baada ya hapo waweza kuipua sufuria ikiwa na mfuniko, ukaizungushia kanga kuukuu na blanketi ndani ya kapu, ikaendelea kuiva yenyewe kwa joto lake. Bandika tena kidogo kabla ya kuunga. Siku ambazo mkaa umepanda, achana na maharage, chukua choroko au dengu zilizoparazwa. Zinaiva kwa muda mfupi zaidi. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo likiwa kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mpaka zamu ya Mbagala ifike, loweka.

Maandazi nayaacha mwisho kwa sababu najua yanakusaidia: saa kumi na mbili asubuhi jirani anagonga na ndoo, watoto wanakula wanaondoka. Usiyakate yote. Siku tatu kwa wiki pika viazi vitamu au mihogo usiku ule ule unapopika ugali, jiko likiwa bado na moto, asubuhi ni kupasha tu. Siku nyingine uji wa dona, uutie ukwaju au ndimu, utaona sukari inayohitajika ni nusu. Anayeuchemsha si lazima awe wewe. Baba yao anajua kuwasha jiko, na kama hajui, ana umri wa kujifunza.

Hesabu yangu basi, kwa siku: kifungua kinywa 2,000, sukari 400, dona kilo moja na nusu 1,650, mboga za majani 1,500, dagaa au choroko 1,500, mafuta 700, nyanya na vitunguu 1,000, matunda ya msimu 1,500. Jumla Sh 10,250. Katika 1,750 iliyobaki, tenga 750 ya mkaa ulioongezeka, elfu moja peleka kwa kijumbe. Ukiona nimekosea bei ya kwenu, badilisha tarakimu. Mpangilio ubaki huo. Kitu ambacho sitaki ukikate ni matunda, kwa sababu ndicho cha kwanza akina mama hukata. Fuata msimu: embe Desemba, chungwa la Muheza likishuka katikati ya mwaka, papai na ndizi wakati wowote. Tufaha la kutoka Afrika Kusini waachie wenye wagonjwa Muhimbili.

Mwalimu, salaam. Nafanya biashara ya mahindi hapa Kibaigwa zaidi ya miaka ishirini. Kila mkiandika magazetini mnasifia dona. Mmesahau sumukuvu? Mwaka 2016 huku kwetu watu wamezikwa. Mimi familia yangu inakula sembe na itaendelea kula sembe.
*Mfanyabiashara, Kongwa*

Wa salaam kaka yangu. Hatujasahau, na barua yako nimeifurahia kuliko zote, kwa sababu una hoja.

Kwa asiyejua: mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo hutokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga, hasa yakivunwa mabichi, yakianikwa chini, au yakihifadhiwa na unyevu. Haifi kwa kupikwa. Songa ugali saa nzima, sumu imo. Na ni kweli kwamba kukoboa huipunguza, kwa kuwa sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini. Kwa hiyo mtu anayekula dona ya mahindi mabovu yuko vibaya kuliko anayekula sembe ya mahindi hayo hayo. Anayeficha hilo ili kuipamba dona hafanyi haki.

Lakini kuipunguza si kuiondoa, na sembe inawapa watu moyo wa kusaga chochote. Nani kati yetu hajaona mashineni mtu anakuja na mahindi yaliyotobolewa, mengine yana ukungu, anaambiwa "koboa tu yatakuwa meupe"? Yanakuwa meupe kweli. Na wewe mfanyabiashara unajua mahindi yaliyopembuliwa yanakwenda kwa nani na yale ya chini yanakwenda wapi.

Ushauri wangu kwa anayetaka dona ni kwamba mahindi anunue mazima, asinunue unga asioujua ulikotoka. Ayamwage kwenye ungo mchana kweupe, atoe yaliyovunjika, yaliyotobolewa, yaliyosinyaa, na yote yenye rangi ya kijani, kijivu au weusi. Aliyoyatoa asimpe kuku, kwa sababu na kuku sumu inamdhuru, na mtu atakula mayai. Kupima ukavu kuna njia ya chupa: chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo, tia mahindi hadi theluthi ya chupa, tikisa, uiache itulie robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji, yasiingie stoo. Anayeweka ya miezi ayafunge kwenye mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, siyo kiroba.

Na kwa familia yako inayokula sembe, hakuna ubaya wa kukatisha tamaa. Weka maharage na mboga nyingi pembeni, nyuzinyuzi zilizopotea kwenye unga zitarudi kwa mlango mwingine. Halafu kule kwenu mna mtama na uwele tangu enzi za mababu. Ugali wa mtama siku mbili kwa wiki unapunguza kulitegemea hindi kwa kila kitu, nadhani hilo hata wewe unaliona, ingawa biashara yako haitaniombea dua.

Shangazi shikamoo. Mwanangu ana miezi minane. Kuna unga wa lishe unauzwa hapa Morogoro Sh 7,000 kilo, una vitu kumi na tano ndani: mahindi, mchele, soya, karanga, ulezi, ngano, mbegu za maboga na vingine. Wanasema bila huo mtoto hawezi kuwa na akili. Uwezo wangu mdogo. Nifanyeje?
*Mama Kijana, Morogoro*

Marahaba binti yangu. Usiununue.

Vitu kumi na tano kwenye pakiti moja havimsaidii mtoto kwa sababu ya wingi wake. Soya inataka moto mrefu, mchele unaiva upesi; vikichemshwa pamoja kimoja kimeungua au kingine ni kibichi, na soya mbichi inamsumbua mtoto tumbo. Karanga ikishasagwa na kukaa kwenye pakiti wiki nyingi huwezi kujua ilikuwa na ukungu au la. Na mtoto akipata mzio, utajuaje ni kipi kati ya kumi na tano?

Chukua nafaka moja. Ulezi unafaa, hata dona safi ya mahindi uliyoyapembua mwenyewe inafaa. Kosa la uji wetu ni wepesi: akina mama wanauchuja uwe maji ili mtoto ameze, kumbe tumbo lake ni dogo na limejaa maji. Pika mzito, kisha tia kijiko kimoja cha kimea cha ulezi. Kimea unakitengeneza bure: loweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu hadi uchipue, anika juani, saga. Kijiko hicho kinaulainisha uji mzito mbele ya macho yako, dakika chache tu, bila kuongeza maji. Urudishe motoni uchemke tena kabla ya kumpa.

Wakati wa kumpakulia, ongeza kitu kimoja leo na kingine kesho: yai lililoiva likapondwa, dagaa waliooshwa na kusagwa unga laini, parachichi, kijiko cha mafuta, maharage yaliyopondwa na kuchujwa ganda. Maziwa yako yaendelee hadi afike miaka miwili.

Nikuambie kwa nini nashikilia hivyo vya kuongeza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa, ambako mahindi yamejaa ghalani, ni karibu 57 katika 100. Huko mtoto anashiba. Anashiba ugali na uji, mayai yanakwenda sokoni.

Shangazi, mnasema tuepuke vya kusindika. Unga si umesindikwa? Maziwa mgando je? Dagaa wakavu? Mbona mnatuchanganya?
*Msomaji, Tanga*

Umesema kweli, wanachanganya. Kusaga, kuanika, kugandisha na kutia chumvi ni kusindika, na bila hivyo bibi zetu wasingefika msimu wa mvua. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha São Paulo kule Brazil, wakiongozwa na Carlos Monteiro, walianza kuvipanga vyakula kwa kiwango cha kusindikwa kwake. Vinavyochukiza kwao ni vya kundi la mwisho: vile vinavyoundwa kiwandani kwa wanga, sukari, mafuta, rangi na ladha, hata ukitafuta chakula chenyewe ndani hukioni. Juisi ya unga ya machungwa isiyojua chungwa lilivyo ndiyo hiyo. Maziwa mgando yako kunywa kwa raha, ila lile lenye sukari na rangi ya waridi ni jambo jingine. Ukiwa dukani geuza pakiti. Ukikuta orodha ndefu ya vitu ambavyo huwezi kuvinunua soko la Ngamiani, rudisha.

Je, mchele wa kahawia una thamani ya hiyo bei?
*Kupitia simu*

Kwa mwenye bei hiyo, sawa. Kwa wengine, hela hizo zinanunua viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, fungu kwa fungu hadi umchoke aliyekuuzia. Wali uwe mweupe, kidogo, na mboga iwe nyingi.

Shangazi mambo? Samahani, shikamoo. Nina miaka 24, napiga boda, nimepanga chumba Manzese, sina hata sufuria. Kila siku nakula zege (chipsi mayai) mchana na usiku, Sh 3,000 kwa sahani, na soda. Nimeanza kunenepa shingo. Sitaki kuambiwa nipike.
*Boda wa Manzese*

Marahaba, kijana wangu. Sitakuambia upike. Mwanaume aliyepanga peke yake akinunua sufuria huishia kuchemshia maji ya kuoga.

Zege mbili ni Sh 6,000, soda juu yake, umeshapita elfu saba na nusu. Hiyo si bajeti ya maskini mwanangu, ni bajeti ya mtu anayemlipa mkaanga chipsi kodi ya nyumba. Tena tazama karai lake siku moja kabla hujaagiza: mafuta yakiwa meusi na yanatoa povu, yamekaa hapo siku nyingi, ondoka.

Mchana nenda kwa mama lishe. Wali au ugali, maharage, mchicha na kipande cha tikiti, kwa wengi utatoka na Sh 2,500 au pungufu. Mzoee mmoja, mfanye wako. Ukishakuwa mteja wa kila siku mwambie: "Mama, punguza wali, ongeza mboga na maharage." Hakuna mama lishe atakayekukatalia, maharage yake ndiyo anayotaka yaishe. Siku akiwa na samaki wa mchuzi, chukua samaki, ukwepe nyama ya kukaanga.

Jioni huhitaji sahani. Pale kijiweni wanapita wauza mayai ya kuchemsha na kachumbari yao, mawili yanakutosha. Ongeza ndizi mbivu mbili, au parachichi na muhogo wa kuchoma. Pilipili tia upendavyo, chumvi wasikujazie. Karanga ziwe za kukaangwa siku hiyo, zikinuka ukungu zitupe, nimeshaeleza kwa nini kwenye jibu la Kongwa. Soda ibaki ya siku ya mshahara, na kwa kuwa wewe huna mshahara, chagua Jumapili. Maji beba kwenye boda, chupa ya lita moja na nusu, na uyanywe kabla hujafika kwa mwenye karai, maana mara nyingi linalokupeleka pale si njaa, ni jua.